Maneno Yaliyobaki Kinywani mwa Bi Mkasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa na mgonjwa kabla hata bosi hajapata nafasi ya kunikaripia. Nilikuwa msichana mbichi kutoka chuo cha uuguzi, sare imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, kalamu mbili mfukoni na daftari jipya mkononi. Wadi ya wagonjwa wa akili ilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, baada ya jiko na stoo ya magodoro, na hakuna muuguzi aliyependa kupangiwa huko. Nikamwendea mzee mmoja aliyekaa kitandani, nikafungua daftari, nikamuuliza kwa Kiswahili cha darasani: "Mzee, unajisikiaje leo?"

Akanitazama kuanzia viatu mpaka ushungi. "Weye ntoto wa nani?" akaniuliza. "Hata salamu hujanipa, ushaingia moyoni mwangu?"

Wadi nzima ikacheka. Muuguzi Mkuu wa wadi, mwanamume mrefu mkimya ambaye sote tulimwita Bwana Mkuu, akaniita pembeni. Nilidhani atanifukuza.

"Bi Zuwena," akasema, "huku Pemba mtu humuulizi moyo wake kabla hujamuuliza mamake, wanawe, mbuzi wake na karafuu zake. Ukimaliza hayo, moyo atautaja mwenyewe. Rudi ukaanze upya."

"Na akinijibu kwamba vyote ni vyema?"

"Atakujibu hivyo hivyo. Hata nyumba yake ikiwa imeungua, atakwambia njema. Kazi yako ni kusikiliza ile njema inatoka wapi."

Nilimwona mtu wa zamani asiyesoma vitabu vipya, Mungu anisamehe. Nikarudi kwa yule mzee, nikamwamkia, nikauliza mbuzi mmoja mmoja kwa hasira zangu, naye akafurahi sana. Aliongea mpaka zamu yangu ikaisha, na daftari halikuandikwa hata mstari mmoja.

Vijana wa afya ya akili wameniomba niandike namna tulivyofanya kazi zamani, na nimekubali kwa sharti moja. Majina nitakayotaja siyo ya wenyewe, na vijiji nimevichezea kidogo. Kisiwa chetu hiki, ukipiga chafya Mkoani mtu wa Micheweni atakuombea rehema, kwa hivyo usiri ndiyo nusu ya kazi yetu. Nyinyi mnaiita ushauri nasaha, na mna vyumba vyenye pazia na viti viwili vinavyotazamana. Wakati wetu kazi haikuwa na jina. Tulikuwa wauguzi, tunachoma sindano, tunagawa vidonge, na tunawafuata majumbani wale walioruhusiwa ili tuone kama dawa wanazimeza au wanawapa kuku.

Baada ya wadi nilihamishiwa kituo cha afya cha Makoongwe. Huko ndiko nilikojifunza kwamba huku kwetu sonona, yaani ule mzigo wa huzuni usiomtoka mtu wiki baada ya wiki, haiji kwa jina lake. Hakuna aliyewahi kuniambia ana huzuni. Walikuja na vichwa vinavyowaka moto, na miili inayotembea wadudu, na mioyo inayopaa. Mwanzo niliwagawia panadoli. Wakazimeza, wakashukuru, wakarudi wiki ya pili na kichwa kile kile.

Kutoka hapo nikapelekwa hospitali moja ya upande wa kaskazini, chini ya Daktari Mfawidhi aliyekuwa na ndevu nyeupe na ulimi mkali. Siku moja aliletwa mchumaji wa karafuu aliyekuwa ameanguka mtini mwaka uliopita. Mfupa ulikwisha kuunga, lakini kila akisikia tawi linavunjika alikuwa akitetemeka mpaka anajikojolea, na alikwisha kuacha kulala. Mie nikaanza kumkagua mguu. Daktari Mfawidhi akanizuia mkono.

"Mguu ushateremka zamani," akasema. "Mwenyewe ndiye bado yuko juu."

Hicho ndicho tunachokiita kiwewe, hofu inayobaki mwilini wakati hatari yenyewe ishapita. Tulimteremsha yule bwana kidogo kidogo, kwa muda wa miezi, kwa mazungumzo na kwa kumtembeza chini ya mikarafuu, kwanza mbali, halafu karibu. Siku alipovunja kijiti kwa mkono wake mwenyewe na asitetemeke, nililia mbele ya watu, na Daktari Mfawidhi akajifanya anasafisha miwani. Nilijua tangu siku hiyo kwamba sitaomba uhamisho wa wadi nyengine.

Kisha ukaingia unga, ule wa kulevya. Sitaki kusema uliingia vipi, wenye kujua wanajua. Mie nilichokiona ni watoto wa watu niliowazalisha wakija wamekonda, macho madogo kama tundu la sindano, mikono mirefu ya shati wakati wa kiangazi. Tukapelekwa Unguja kusomeshwa ushauri nasaha wa waraibu. Tukafundishwa arosto, yaani mateso yanayompata mtu unga unapomtoka mwilini: makamasi, kuharisha, mifupa inauma kama inasagwa, vinyweleo vimesimama kama vya kuku aliyenyonyolewa. Tukafundishwa pia kwamba arosto ni wiki moja au mbili tu, na kwamba kazi yenyewe huanza baada ya hapo. Tuliporudi tukafungua kliniki ya kila Jumanne, chini ya Mratibu wa Afya ya Akili, mwanamama kutoka Unguja, mfupi, mwepesi wa kutembea na mkali wa ripoti.

Kombo alikuja kwangu Jumanne moja akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa fundi mzuri wa kupaka rangi nyumba kabla ya unga kumchukua. Alikwisha kukaa soba, ile nyumba wanayokaa waraibu ili wajifunze kuishi bila ya unga, na alikuwa na miezi mitano hajagusa. Mwili ulikwisha kurudi. Lakini kila nikizungumza naye habari za kazi, za kuoa, za kesho, alikuwa akijibu jambo moja.

"Bi Zuwena, mie sina radhi za mama. Nikipaka ukuta utabanduka. Nikioa ntaacha. Unanisumbukia bure."

Mtu wa mbali angedhani ni kisingizio. Nyinyi mliozaliwa huku mnajua sicho. Mamake, Bi Mkasi, alikuwa mjane wa Shumba Mjini, na huyu ndiye mwana aliyebaki naye. Mama huyo alikuwa kasimama uwanjani mchana kweupe, majirani wanasikia, akasema: "Kombo, sina radhi nawe, duniani wala akhera." Aliyeambiwa maneno hayo na mamake hana pa kuyaweka. Kombo alikuwa akiyabeba kila mahali, na mie niliona wazi kwamba yasipoondoka, unga utarudi kukaa palepale.

Sasa nisikilizeni kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike. Katika kile kitabu chetu cha mafunzo mlikuwa na hatua ya mraibu kwenda kuwaomba msamaha aliowadhulumu, wakati utakapofaa. Nikajiuliza, wakati gani unafaa kuliko asubuhi ya Idi? Watu wametoka kuswali, nguo mpya, kila mmoja anampa mwenzake mkono, niwie radhi, nimekuwia, nawe niwie. Siku hiyo hata mahasimu wa mashamba wanasameheana. Nani atakataa mbele za watu?

Nilimweleza Mratibu mpango wangu. Akatikisa kichwa. "Usimharakishe mwenye jeraha, Bi Zuwena. Naye ana saa yake."

"Bi Mratibu," nikamwambia, na kiburi kilinijaa mpaka puani, "wewe Muunguja. Hujui Idi ya Shumba."

Basi asubuhi ya Idi nikaenda Shumba, nimevaa vizuri, mkononi nina sahani ya halua. Ukumbi wa Bi Mkasi ulikuwa umejaa jamaa na watoto wa jirani waliokuja kwa mkono wa Idi. Kombo akaingia na kanzu nyeupe aliyoazimwa. Akapiga magoti mbele ya mamake, akaushika mkono wake. "Mama, niwie radhi."

"Nimekuwia, nawe niwie," akasema Bi Mkasi. Akauvuta mkono wake taratibu, akampa mtoto wa jirani aliyefuata. "Nimekuwia, nawe niwie." Sauti ilikuwa moja, haikupanda wala kushuka.

Watu wakasema mashallah. Na mie nikasema mashallah. Kombo akainuka, akanitazama, na nikaona usoni mwake kwamba ameelewa kitu ambacho mie mwenye cheti sikukielewa. Siku ya tisa akateleza, akarudi kwenye unga.

Mratibu aliposikia hakunipigia kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Ulimtega yule mama," akaniambia. "Ulimwekea mtego mbele ya watu, siku ambayo hawezi kukataa. Kilichomtoka ni adabu tu. Nenda kamuombe radhi wewe."

Nilikwenda, sikuwa na uso, lakini nilikwenda. Nilimkuta Bi Mkasi nyuma ya nyumba anachambua karafuu, vikonyo huku, karafuu huku, vidole vinakwenda bila ya macho. Nikamuuliza hali, nikamuuliza jamaa, nikamuuliza karafuu, halafu nikamwambia nimekosa. Akaendelea kuchambua kwa muda.

"Mdomo wangu nimempa," akasema mwisho. "Moyo hausikii. N'taufanyaje, Bi Zuwena? Cherehani kauza, sikulia. Masufuria kauza, sikulia. Kaiba simu ya Riziki hapo jirani, dirishani mwake, nikenda kumuomba radhi kwa miguu yangu. Lakini mie nlikuwa na sanda. Kakangu kaniletea kutoka Makka, kaikosha kwa maji ya Zamzam, naiweka kwenye sanduku na karafuu isiliwe na wadudu. Kila mwezi naitoa naianika. Ntoto kauza sanda ya mamake." Akaacha kuchambua. "Sasa aliyeniuzia sanda, si keshanizika?"

Vitabu vyote nilivyosoma, hakuna ukurasa wa sanda. Nikakaa nikamsaidia kuchambua mpaka adhana ya alasiri, kisha nikaenda zangu.

Kombo alirudi kliniki mwenyewe, Jumanne, amejifunika kanga ya kuazima kwa arosto. Tukaanza upya. Alikuwa na miezi mitatu hajagusa alipokuja mbio siku ambayo si yake, asubuhi, pumzi zinamkata. "Bi Zuwena, mama kapooza. Upande wa kulia wote. Na kauli imefunga."

Kiharusi. Alilazwa siku kumi, akaruhusiwa. Mpwawe wa kike akawa anakuja asubuhi na jioni kumuogesha na kumbadilisha, na saa zote zilizobaki alibaki na Kombo, maana hapakuwa na mwengine. Nilikwenda kwa ziara ya nyumbani siku ya pili yake. Nikapiga hodi, nikatoa salamu.

"Waalaykumu salamu warahmatullahi wabarakatuh," ikajibu sauti ya Bi Mkasi kutoka kitandani, safi kabisa, herufi moja haikupotea.

Kombo akaruka. "Kasema! Mama kasema!" Nikamuuliza Bi Mkasi hali, akajibu: "Alhamdulillahi." Nikaanza Alhamdu, akaipokea akaisoma mpaka mwisho, mpaka amin. Nikahesabu moja, mbili, akaenda nayo mpaka kumi. Kisha nikanyanyua kikombe. "Bi Mkasi, hiki nini?" Akafungua mdomo. Yakatoka mavumo tu, ta ta ta, na machozi ya ghadhabu yakamjaa machoni. Kikombe alikijua. Jina lake lilikuwa ndani, na mlango ulikuwa umefungwa.

Nilikwisha kuliona hilo mara mbili tatu wadini. Maneno tuliyoyazoea tangu utotoni, salamu, sura, hesabu, yanapita njia nyengine kichwani, na kiharusi mara nyingi huiacha njia hiyo nzima. Lakini neno unalolitafuta mwenyewe, la kuomba maji, la kumwita mtu, hilo ndilo linalopotea. Mtu anaweza kusoma dua nzima na asiweze kusema nnaumwa.

Kabla sijamweleza Kombo hayo, yeye alikwisha kupiga magoti pembeni ya kitanda. "Mama, niwie radhi."

"Nimekuwia, nawe niwie," akasema Bi Mkasi, papo hapo.

Kombo akanigeukia. Nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, wengine wana visu, lakini hakuna aliyenitazama vile. "Bi Zuwena," akasema, "hiyo ni kweli? Au ni kama ile Alhamdu?"

Wanangu, ningeweza kusema ni kweli. Nani angenikamata? Angeamini, angetulia, pengine angekaa na huo uongo wangu maisha yake yote bila ya kugusa unga. Na nikimwambia vyengine, njia ya Konde iko pale nje, na huko mjini Konde wauzaji wa unga alikuwa akiwajua kwa majina. Nilihisi ulimi wangu mzito kuliko wa Bi Mkasi. Halafu nikamtazama yule mama, naye ananitazama, anaelewa kila neno. Nikaona siwezi kumtega mara ya pili.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Huenda ni ulimi tu. Na yeye hawezi kutwambia."

Kombo akainamisha kichwa. Nilikwisha kujitayarisha kumshika shati asitoke. Akasema, "Basi ntangoja," akainuka kwenda kupika uji. Lo! Mie nilikuwa nimekuja kuwapa nguvu watu wa nyumba ile.

Lakini ule uji haukuliwa. Mkono wa kulia wa Bi Mkasi ulikuwa umekufa, na wa kushoto hakukubali kulia chakula hata kwa kulazimishwa. Mwanamke aliyelelewa vile angekufa na njaa kwanza. Kwa hivyo alikuwa hana budi kulishwa, na mlishaji alikuwa yule aliyemuuzia sanda. Kombo alipopeleka kijiko, alifunga mdomo akageukia ukutani. Alikula kwa mkono wa mpwawe asubuhi na jioni, mchana alikaa na njaa. Siku kumi na mbili. Kombo kila mchana akipika, kila mchana akipeleka kijiko, kila mchana akikirudisha. Siku ya kumi na tatu Bi Mkasi akafungua mdomo, akala, macho kayafumba asimuone.

Nikamfundisha Kombo namna ya kumrudishia mamake maneno. Kazi hii ina wataalamu wake, lakini sisi hatukuwa naye hata mmoja, basi nilifundisha nilichokijua. Unamwonyesha kitu, unalianza jina lake, unaacha. Sharti kubwa ni kwamba usimmalizie neno, hata akihangaika vipi, hata roho ikuume. Ukimmalizia umempokonya. Kombo, yule mtu ambaye zamani hakuweza kungoja hata dakika tano, alikuwa akikaa na sahani mkononi, "Sa… mama, sa…", mpaka wali unapoa. Bi Mkasi mara nyingi alikipiga kitu kwa mkono wa kushoto kikaruka. Kombo anakiokota.

Jumanne moja aliniambia bila ya kuulizwa kwamba juzi yake alikwenda mpaka njia ya Konde. Alikwisha kusimamisha gari. "Nikakumbuka saa saba inafika," akasema, "na mama hajala. Nikarudi." Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema alisahau mwavuli. Nikaandika kwenye faili: mteja anaendelea vizuri. Nilikuwa nikiona haya kuandika maneno madogo kiasi hicho, lakini fomu ilikuwa na mstari mmoja tu.

Ikapita miezi saba. Bi Mkasi alipata maji, na uji, na ndiyo na hapana, maneno ya kipande kipande ambayo Kombo alikuwa akimwekea mdomoni herufi ya kwanza. Neno lililoanza kwake mwenyewe halikutokea. Na jina la Kombo halikutokea. Hakulitamka tangu siku ile alipomnyima radhi uwanjani, hata alipokuwa mzima. Alikuwa akisema "huyo". Na mie barua yangu ya kustaafu ikawa imefika.

Jumanne yangu ya mwisho nilikwenda Shumba alasiri kuaga. Kombo alikuwa sakafuni anamenya muhogo. Nikamwambia Bi Mkasi kwamba Ijumaa ndiyo mwisho wangu, na wiki ijayo atakuja muuguzi mwengine, kijana hodari. "Inshallah," akanijibu, wazi kabisa. Kisha akaanza kuhangaika.

Tulidhani anataka kugeuzwa. "Maji, mama?" akauliza Kombo. Akapiga godoro kwa mkono wa kushoto: siyo. "Mto?" Siyo. Mshipa wa shingo ulikuwa umesimama, jasho linamtoka kwenye ukingo wa kilemba.

"Ko," akasema.

Kombo akakiweka kisu chini.

"Ko. Ko." Akafumba macho, akavuta pumzi kama mtu anayenyanyua gunia. "Kombo."

"Naam, mama."

"Ne… nenda." Akapumzika. "Kwa… kwa Ri… Ri…" Nilijiuma mdomo nisimmalizie. Kombo naye alikuwa ameziba kinywa chake kwa viganja viwili. "Riziki." Akapumzika tena, muda mrefu, hata nikadhani imekwisha. "Ndi. Ndimu."

Maneno yale machache yalichukua muda wa chungu cha wali kukauka. Hakuna dua yenye maneno hayo, wala salamu. Aliyatafuta mwenyewe moja moja kizani, akayaleta.

Kombo alisimama. "Kwa Bi Riziki, mama? Mie?" Kwa yule jirani aliyemuibia simu, ambaye uwanjani mwake hakukanyaga tena. Bi Mkasi akamtazama kwa jicho ambalo kila mmoja wetu analijua, jicho la mama aliyetuma na mtoto bado amesimama.

"Nenda!" Hilo halikukwama hata kidogo.

Akatoka bila ya viatu. Wanangu, mmelelewa huku, sina haja ya kuwaeleza kutumwa ni nini. Mtoto wa nyumba hutumwa. Kombo alikuwa na miaka hajatumwa hata kibiriti, maana kila kilichopita mkononi mwake hakikufika. Mpita njia alitumwa, watoto wa jirani walitumwa, yeye alikaa pale anatazama wenzake wanatumwa. Mie miezi ile yote nilikuwa nikisubiri neno radhi, na Bi Mkasi alijua kwamba hilo neno kinywa chake kilikwisha kulitumia bure, mara mbili, mbele yangu.

"Bi Mkasi," nikamuuliza, "ndimu za nini? Hata mchuzi haujabandikwa."

"Alhamdulillahi," akajibu.

Tukangoja. Nilikuwa na hofu, sitawaficha. Bi Riziki ana mdomo, angeweza kumfukuza mbele ya watu, na kutoka uwanjani kwake mpaka njia ya Konde ni hatua thelathini. Nilikaa kwenye kigoda changu nikaifikiria kazi niliyoifanya mpaka nywele zikageuka nyeupe. Dawa najua zinafanya nini, najua na namna ya kukaa na mtu na kumsikiliza. Lakini kile kinachomfanya mtu arudishe kijiko siku kumi na mbili, na kile kinachomfanya mama aende kulitafuta jina la mwanawe ndani ya kichwa kilichobomoka, sikijui, na nimestaafu bila ya kukijua. Nimekiona tu. Nawaambieni nyinyi mnaoanza, mtakapokiona msikimbilie kukiandika. Kaeni chini, nyamazeni.

Sauti ya Bi Riziki ikasikika nyuma ya ua wa makuti. "Nani huyo? Kombo? Wataka nini hapa?"

"Nimetumwa ndimu."

"Katuma nani?"

"Mama."

"Mamako hana kauli."

"Kasema, Bi Riziki. Kasema jina lako."

Kisha nikasikia mti unatikiswa, na ndimu zinaanguka chini, nyingi, na Bi Riziki akilia kwa sauti na kumkemea Kombo aokote zote asiache hata moja.

Alirudi nazo kwenye pindo la shati, akazimimina kitandani ubavuni mwa mamake. Mkono wa kushoto wa Bi Mkasi ukazipapasa moja moja. Akanitazama mie, akamtazama yeye, akavuta ile pumzi ya gunia.

"Chu," akaanza. "Chu… chum…"

Mtu yeyote angejua ni chumvi. Kombo alikwisha kufika mlangoni. Akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akangoja neno limalizike.